Hadithi za mashabiki na msuko wa kuazima: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukizoea kusoma hadithi zinazoandikwa na mashabiki, utafika mahali utajikuta unaruka aya. Huziruki kwa sababu zimeandikwa vibaya. Unaziruka kwa sababu unajua kinachofuata: vita vilevile, usaliti uleule, hata kikombe kilichodondoka katika hadithi asilia kinadondoka tena, na palepale. Maswali yaliyo hapa ni yale ambayo waandishi wanaoanza huniuliza ninapowasomea rasimu zao. Machache hayakuulizwa na mtu yeyote, ila nilitamani yangeulizwa.

Hadithi ya shabiki ni nini hasa?

Ni hadithi mpya inayoandikwa na msomaji au mtazamaji kwa kutumia wahusika, mandhari au matukio ya kazi ya mtu mwingine, aghalabu bila malipo na bila kuombwa. Jambo lenyewe ni kongwe kuliko jina lake. Virgil alimchukua Aeneas, ambaye katika utenzi wa Homer hakuwa shujaa mkuu, akamtungia utenzi mzima. Jarida la mashabiki wa Star Trek lililoitwa Spockanalia lilitoka Marekani mwaka 1967, wakati tamthilia yenyewe ingali inaonyeshwa. Intaneti ilipoenea, majarida hayo yalihamia mtandaoni: FanFiction.Net ilianza mwaka 1998, Archive of Our Own ikafunguliwa mwaka 2009, na hiyo ya pili ikatunukiwa tuzo ya Hugo mwaka 2019.

Na kung'ang'ania msuko maana yake nini?

Msuko ni mpangilio wa matukio ya hadithi, jinsi moja linavyozaa jingine. Kuung'ang'ania ni kuufuata ule wa kuazima hatua kwa hatua. Tutunge mfano, tuutumie mpaka mwisho.

Hadithi asilia ni hii. Binti anaondoka kwao kwenda kisiwa cha mbali kutafuta dawa ya mama yake. Nahodha wa jahazi anamsaliti, anageuza chombo usiku na kumkabidhi kwa walinzi wa mfalme. Binti anafungwa. Gerezani anakutana na mfungwa mzee anayemfundisha kusoma ramani. Wanatoroka, mzee anauawa wakiwa juu ya ukuta. Binti anaipata dawa, anarudi nayo nyumbani, anakuta mama yake amezikwa siku tatu zilizopita.

Shabiki anaipenda hadithi hii, anaamua kumpa binti kaka. Kaka huyu ni baharia hodari. Wanapanda jahazi wote wawili. Nahodha anawasaliti. Wanafungwa wote wawili. Mzee anawafundisha ramani wote wawili. Mzee anauawa ukutani, safari hii kaka akiwa amemshika mkono. Wanaipata dawa, wanarudi, mama amezikwa siku tatu zilizopita.

Baharia hodari alikuwa chomboni usiku kucha, na hakutambua kwamba jahazi limegeuza njia? Hapo ndipo hadithi inapokata roho. Kaka ameandikwa katika kila sura, lakini ukimfuta hakuna kitakachopungua isipokuwa idadi ya maneno.

Kwa nini hutokea? Ni uvivu?

Mtu anayeandika sura 40 usiku baada ya kazi zake, bila kulipwa hata senti, usimwite mvivu. Sababu ziko kwingine, na kwa kawaida zinakuja zimeshikana.

Kuna mapenzi. Mtoto anayesimuliwa ngano anayoipenda hukukatiza ukibadili neno moja. Anataka fisi atumbukie shimoni kama jana. Shabiki ni mtoto huyohuyo aliyekua: anaandika ili arudi mahali alipofurahi, na njia ya haraka ya kurudi ni kupita palepale. Sioni kosa hapo. Ila kuna tofauti kati ya kuikumbuka hadithi na kuitunga, na wengi huanza na la kwanza wakidhani wanafanya la pili.

Kuna nakala iliyofunguliwa mezani. Huyu anaandika kitabu kikiwa wazi pembeni, au filamu imesimamishwa kwenye skrini. Anatazama dakika mbili, anaandika aya tatu. Kwa utaratibu huo hawezi kwenda popote ambako filamu haikwenda. Nimewaona waandishi wenye kipaji wakinasa katika mtego huu mdogo, na walipofunga kitabu kwa wiki mbili tu, mkono ukafunguka.

Kuna ratiba. Hadithi nyingi za mashabiki hutolewa sura kwa sura, na wasomaji wanasubiri. Msuko ndio sehemu ngumu kuliko zote katika utunzi: nini kinasababisha nini, nani anajua nini na lini, taharuki ipande wapi ishuke wapi. Ukiazima msuko, mtu mwingine amekwisha kukufanyia kazi hiyo. Siku ya kutoa sura mpya ikikaribia na kichwa ni kitupu, tukio linalofuata katika hadithi asilia liko pale, tayari, linakungoja.

Na kuna hofu. Mashabiki wenzako wanawajua wahusika hawa kama ndugu zao. Ukimfanya binti aseme neno ambalo hakuwahi kusema, mtu ataandika chini yake: "Huyu siye." Basi unamrudisha kwenye maneno aliyokwisha kuyasema, katika mahali alipoyasemea, kwa sababu huko hakuna wa kukusuta.

Lakini ukiniuliza ipi ni mzizi, nitasema ni hii: mwandishi ameazima matukio akaziacha sababu zake. Usaliti wa nahodha haukudondoka kutoka mbinguni. Ulitokea kwa kuwa binti alikuwa peke yake, hajui bahari, na hakuna aliyekuwa macho. Mara tu unapomweka baharia humo chomboni, ile sababu imekwisha, na tukio limebaki linaelea.

Mhusika niliyemwongeza anapendwa na wote, lakini hadithi haibadiliki. Tatizo nini?

Mwaka 1973 Paula Smith aliandika kichekesho kifupi kuhusu Luteni Mary Sue, msichana wa miaka 15 na nusu ambaye ni hodari kuliko kila mtu katika chombo cha angani, kila mtu anampenda, na akifa wanamlilia. Alikuwa akiwatania waandishi wa hadithi za Star Trek wa wakati wake. Jina likashika. Leo hutupwa ovyo, na mara nyingi hulengwa kwa mhusika yeyote wa kike mwenye uwezo, jambo ambalo kwangu ni uonevu.

Kinachonivutia ni kwamba mhusika wa namna hiyo anaweza kuishi ndani ya msuko usioguswa hata kidogo. Kaka yetu baharia anasifiwa na mfalme, anapendwa na mzee, binti hawezi kulala bila ushauri wake, na bado nahodha anasaliti saa ileile, ukuta unapandwa usiku uleule. Hisia zote zinamzunguka yeye, matukio yote yanampita pembeni. Wasomaji wakilalamika kwamba "amezidi", mwandishi hukimbilia kumpunguzia sifa: anampa kigugumizi, anampa kovu. Hiyo siyo dawa. Mpe uamuzi mmoja unaogharimu, kisha uache gharama hiyo imfikie mtu mwingine.

Nibadilishe nini kwanza?

Kitu kimoja. Mapema. Kisha ufuate kinapokwenda, hata kama kinakupeleka mbali na mahali ulipopapenda.

Turudi chomboni. Kaka yuko sitahani, anatazama nyota, anaona jahazi linaelekea kusini badala ya mashariki. Sasa nahodha ana matatizo. Ama amwondoe kaka kabla ya kugeuza njia, ama amhonge, ama aahirishe usaliti. Hebu tuchukue la kwanza: anajaribu kumsukuma baharini, anashindwa, mabaharia wanagawanyika pande mbili, na alfajiri jahazi halina nahodha. Hakuna walinzi. Hakuna gereza.

Na kama hakuna gereza, hakuna mzee.

Hapa ndipo waandishi wengi wanapoingiwa na kiwewe, kwa sababu mzee ndiye wanayempenda kuliko wote. Ndiye waliyeanza kuandika kwa ajili yake. Basi inazuka dhoruba, jahazi linasukumwa hadi pwani ya mfalme, anatokea msaliti wa pili ambaye hakutajwa popote, na ndani ya kurasa nne ndugu wawili wako gerezani, seli ileile. Mwandishi anashusha pumzi. Msomaji naye anashusha pumzi, ila yake ni ya kukata tamaa, kwa sababu ameona mkono wa mtu ukiurudisha mto kwenye mkondo wake wa zamani.

Kama unamtaka mzee, mtafute kwa sababu mpya. Labda ndugu hawa sasa wana jahazi lakini hawana ramani, na mabaharia wanamtaja mtu mmoja tu anayeijua njia, aliyefungwa miaka mingi. Wanakwenda gerezani kwa hiari yao, wakiwa na kitu cha kumpa. Au mzee alitoroka mwenyewe, na wanakutana naye bandarini akiwa mtu asiyewadai wala kudaiwa nao. Sasa una jambo la kuandika. Katika hadithi asilia mzee alimpenda binti kwa kuwa walilala sakafu moja mwaka mzima. Bila sakafu hiyo, mzee huyu ni nani? Atamfundisha kweli? Au atawauza kama nahodha alivyotaka kufanya? Swali hilo hadithi asilia haikuwahi kuwa na nafasi ya kuliuliza. Ni lako.

Nikiuacha msuko, bado itakuwa hadithi ya shabiki?

Ndiyo. Wasomaji wanashikilia wahusika kuliko matukio. Wanataka kusikia sauti waliyoizoea: anavyokasirika, anachokificha, kitu asichoweza kukivumilia hata kama kinamponza. Ukikilinda hicho, unaweza kumpeleka popote.

William Gillette alipokuwa akiandika mchezo wa jukwaani kuhusu Sherlock Holmes, ulioonyeshwa kuanzia mwaka 1899, alimpelekea Arthur Conan Doyle, mtunzi wa Holmes, simu ya maandishi kuuliza kama anaweza kumwoza Holmes mke. Doyle alijibu kwamba amwoze, amuue, amfanye atakalo. Si kila mwandishi ana kifua hicho. Lakini tazama ombi lenyewe: Gillette hakuomba ruhusa ya kurudia upelelezi fulani, aliomba ruhusa ya kumweka mtu anayefahamika katika hali asiyowahi kukutana nayo. Sisi wenyewe tunaye Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake, na rafiki yake Najum kando. Yeye si hadithi ya shabiki, na kesi zake ni zake mwenyewe, ila anayemjua Holmes huona undugu mara moja. Kilichosafiri kutoka kitabu hadi kitabu ni aina ya mtu na namna yake ya kutazama. Maiti walibaki kwao.

Kuna wakati kuufuata msuko ni sawa?

Upo, na nisingependa mtu aondoke hapa akidhani kwamba kila tukio linalorudiwa ni dhambi. Mwaka 1966 pekee ulitupa mifano miwili ambayo naipenda kwa sababu haifanani.

Tom Stoppard aliwachukua watu wawili wa kando kabisa katika Hamlet, Rosencrantz na Guildenstern, akawapa mchezo wao. Hakubadili hatima. Wanakufa kama Shakespeare alivyowaua, na vipande vya mchezo wa zamani vinapita jukwaani karibu kama vilivyo. Ila sisi tumekaa upande mwingine wa pazia, na wale wanaojua kila kitu, wafalme na malkia, wanaingia na kutoka kama watu walioingia chumba kisicho chao. Uzito wote uko katika kusubiri: wawili hawa hawajui wako katika hadithi gani. Kama Stoppard angebadili mwisho, mchezo ungeporomoka.

Jean Rhys naye alimchukua mwanamke anayefungiwa darini katika Jane Eyre, riwaya ya Charlotte Brontë, yule ambaye katika kitabu asilia tunamsikia akicheka na kunguruma lakini hatumsikii akijieleza, akamrudisha Karibiani alikotoka, akampa utoto, jina na sababu. Moto anaouwasha mwishoni unajulikana na kila aliyesoma Brontë. Rhys haukimbii. Anatufikisha kwenye moto huo kwa njia nyingine, na tukifika tunauona kwa macho ya aliyeshika mshumaa.

Kwa hiyo kipimo changu si umbali kutoka kwenye msuko. Ni kama kiti kimehama. Katika mfano wetu, andika hadithi ya mama. Anajua binti ameondoka, anahesabu siku, majirani wanaanza kunong'ona. Usibadili chochote. Siku zile za kungoja ambazo hadithi asilia iliziruka zitakuwa kitabu kizima, na msomaji anayejua kwamba binti atachelewa atasoma kila ukurasa akiwa ameuma meno. Au mwandike nahodha. Huyo ndiye ningemwandika mimi.

Nataka tu kumwokoa mhusika aliyekufa. Lazima nibadilishe mengine yote?

Mengine yote, hapana. Yale yaliyoshikana na kifo hicho, ndiyo, na mara nyingi ni mengi kuliko unavyodhani.

Mfano bora ninaoujua una zaidi ya miaka 300. Kabla ya Shakespeare kulikuwa na mchezo kuhusu mfalme Leir, uliochapwa mwaka 1605, ambao unaisha kwa mfalme kurudishiwa kiti chake. Shakespeare aliuchukua msuko huo akawaua mfalme na binti yake Cordelia. Mwaka 1681 Nahum Tate, ambaye mwisho huo ulimuuma, akauandika upya: Cordelia anaishi na anaolewa na Edgar, mhusika mwingine wa mchezo huo. Toleo la Tate lilitawala majukwaa ya Uingereza kwa takriban miaka 150.

Wasomi wamemcheka sana Tate, na kweli mwisho wake ni mtamu mno kwa ulimi wangu. Lakini tazama alivyofanya kazi. Hakungoja tendo la mwisho ndipo amfufue Cordelia. Alirudi mwanzo kabisa, akapanda mapenzi kati yake na Edgar, jambo ambalo halimo kwa Shakespeare. Ili nafasi ya mume ipatikane, akamwondoa mfalme wa Ufaransa. Akamwondoa na mcheshi wa mfalme pia. Kumwokoa mtu mmoja kulimgharimu wengine wawili na kukamlazimu kubadili sababu ya binti kukaa kimya mbele ya baba yake. Shabiki wa leo anamwokoa mzee ukutani katika sura ya 30, kisha sura ya 31 inaendelea kana kwamba mzee hayupo, anakohoa tu kwenye kona mara mojamoja ili tusimsahau.

Mwandishi asilia ametangaza hadithi itakwenda wapi. Nikitangulia kuandika njia hiyohiyo, kuna ubaya?

Muulize Cervantes. Mwisho wa sehemu ya kwanza ya Don Quixote, mwaka 1605, alidokeza kwamba shujaa wake angekwenda Zaragoza kwenye mashindano. Mwaka 1614 mtu aliyejificha nyuma ya jina la Avellaneda akatoa mwendelezo wake, na shujaa akapelekwa Zaragoza, sawasawa kama ilivyodokezwa. Cervantes alikuwa bado anaandika sehemu yake ya pili. Ilipotoka mwaka 1615, ndani yake Don Quixote anasikia habari za kitabu hicho cha uongo, anaapa kutoikanyaga Zaragoza, anashika njia ya Barcelona.

Mwigaji alifuata njia iliyotangazwa, na mwenye njia akaihama. Sijui kisasi cha kifasihi kilichonifurahisha zaidi ya hicho.

Nikiwahamisha wahusika kwenye ulimwengu mwingine, kwa mfano chuo kikuu, si nitakuwa nimeukwepa msuko?

Si lazima. Nimesoma nyingi ambamo mfalme amekuwa mkuu wa chuo, gereza limekuwa kufukuzwa masomo, dawa imekuwa ufadhili, na kila kitu kinatokea kwa mpangilio uleule. Umebadili mavazi. Faida ya ulimwengu mbadala hupatikana pale sheria zake zinapokataa tukio la zamani: chuoni nahodha hawezi kumkabidhi mtu kwa walinzi, basi atamsaliti vipi, na kwa nini ajisumbue?

Na hadithi ambamo mhusika anarudi nyuma wakati akiwa anajua yatakayotokea?

Maarifa yake yana uhai mfupi. Yanakuwa kweli mpaka anapobadili jambo la kwanza. Baada ya hapo yanaanza kuoza. Waandishi wengi humwacha akijua kila kitu mpaka ukurasa wa mwisho. Inapendeza zaidi anapokosea kwa kujiamini.

Nifanyeje na yale matukio maarufu ambayo kila shabiki anayajua?

Yataje kwa sentensi moja, uyapite. Usiyanakili mazungumzo yake neno kwa neno, hata kama yanakutoa machozi, kwa sababu msomaji tayari anayo nakala iliyo bora. Andika dakika kumi kabla na saa moja baada. Hadithi asilia kwa kawaida haina muda wa kutuonyesha watu wakikunja hema baada ya vita.

Wahusika wangu wanaonekana kujua mambo wasiyopaswa kujua. Inahusiana?

Sana. Wewe unajua nahodha ni msaliti, na maarifa hayo yanavuja kupitia kalamu. Kaka anamchukia nahodha tangu anapomwona, bila sababu. Binti anamwamini mzee siku ya kwanza. Ni msuko wa asili unaowasukuma kwa nyuma. Kwa kila mhusika jiulize ameona nini kwa macho yake mwenyewe mpaka ukurasa huu.

Kisheria, kukaa karibu na hadithi asilia si salama zaidi?

Watu wengi hudhani hivyo, na mambo yanaelekea kuwa kinyume. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, na mimi si wakili. Ila nchini Marekani, swali moja ambalo mahakama hulipa uzito ni kama kazi mpya imeongeza maana au kusudi jipya, au imerudia tu ya zamani. Mwaka 2001 wasimamizi wa haki za Margaret Mitchell walijaribu kuizuia riwaya ya Alice Randall iliyosimulia upya ulimwengu wa Gone with the Wind kwa sauti ya mtumwa. Mahakama ya rufaa iliondoa zuio hilo. Kukikosoa kitabu cha zamani ndiko kulikompa Randall pa kusimama. Kunakili kurasa za mazungumzo hakukupi utetezi wa namna hiyo.

Wasomaji wangu wanasifu sura zinazofanana na asilia. Kwa nini nibadilike?

Kama unaandika kwa raha yako na yao, na raha ipo, endelea. Hakuna anayekudai.

Mimi hadithi yangu ya kwanza ilikuwa na sura 22. Nilikuwa nimempa shujaa dada pacha, na pacha huyo alimfuata kila mahali kama mkia. Sifa zilikuja, za adabu, zinazofanana. Sura ya 9 niliiandika nikiwa safarini bila kitabu, sikukumbuka vizuri kinachofuata, basi nikawaweka wahusika wawili ufukweni usiku wakisubiri mashua ambayo katika hadithi asilia ilifika upesi. Kwangu ilichelewa. Walianza kugombana kuhusu jambo la utotoni ambalo sikujua lipo mpaka lilipoandikwa. Miaka imepita, na watu wanaonikumbusha hadithi hiyo hunitajia mashua. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunitajia vita vya sura ya 20, ambavyo nilivinakili kwa bidii kubwa mno.

Nitajuaje kama nimeng'ang'ania?

Andika kila sura yako kwa sentensi moja, kwa kumbukumbu tu. Kisha jaribu kuziunganisha. Zikiungana kwa "kwa hiyo", uko salama. Zikiungana kwa "halafu", shaka ipo: kinachozifanya zifuatane ni kitabu cha mtu mwingine. Kipimo cha pili ni kikali zaidi. Mpe rasimu mtu asiyeijua kabisa hadithi asilia. Kila mahali atakapouliza "kwani kwa nini wamekwenda huko?" na jibu lako likawa "kwa sababu ndivyo ilivyokuwa", weka alama.

Nimeshatoa sura 20 zinazofuata msuko wa asili. Nizifute?

Usizifute. Zisome upya ukitafuta mahali ambapo mhusika wako mpya aliona jambo na akanyamaza, kwa sababu tu angesema, msuko ungeharibika. Katika mfano wetu ni usiku ule chomboni. Lazima kuna mahali pa namna hiyo, pengine kadhaa. Kisha katika sura ya 21 dada yake amwulize kwa nini alinyamaza. Wakiwa bado gerezani, mzee akisikiliza gizani.